Sura ya Saba: Maji ya Alfayo

Alfayo Ratemo alikuwa amekwisha kukiri, na hilo ndilo lililomnyima raha Sajini Obwocha. Katika miaka yake yote ya upelelezi, tangu enzi za Wazungu, hakuwahi kuona mwizi anayekiri kabla ya kuulizwa mara ya pili. Mwizi hukana. Akibanwa hukana tena. Akionyeshwa kitu chenyewe mkononi mwake husema ni cha shemeji yake. Lakini huyu dresa, mfunga vidonda wa hospitali ya mlimani, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa ameketi kwenye sakafu ya seli, miguu ameikunja, anasema neno lile lile alilowaambia askari waliomkamata.

“Ni mimi. Nilitia maji.”

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Persis Bosibori, mke wa diwani Ishmael, alipasuliwa ili ajifungue katika hospitali ya mlimani, kule juu ya Ekerenyo. Mtoto akatoka mzima. Mama akashikwa na homa, kidonda kikaanza kutoa usaha, akadungwa penisilini asubuhi na jioni, na ile penisilini ikawa kama wanamdunga chai baridi. Akafa. Diwani akapanda hadi kwa wakubwa akasema dawa ya serikali inaibwa na kutiwa maji. Angekuwa mke wa mchuma chai, watu wangemzika, wakala, wakarudi shambani, na pale kituoni hakuna mtu ambaye angenyanyua kalamu. Wengi wamezikwa hivyo. Lakini mke wa diwani ana faili, na faili likipatikana ni lazima apatikane na mtu wa kuwekwa ndani yake.

Inspekta Abner, mkuu wa kituo, kijana aliyepanda cheo kwa vyeti vya shule, alikwisha kumpata mtu huyo. Kesho asubuhi Alfayo apelekwe Kisii mbele ya hakimu. Kilichobaki ni Obwocha aonyeshe ile dawa iliyoibwa iliuzwa wapi.

“Omogaka,” Obwocha alimwita kwa jina la heshima la wazee, maana umri wao ulikuwa unafuatana. “Ulitia maji kiasi gani?”

“Mara mbili ya yale yanayotakiwa.”

“Na poda uliyookoa ulipeleka wapi?”

“Poda gani ya kuokoa? Poda yote iliingia kwa watu.”

“Watu gani?”

“Watu wa soko.”

Alieleza kwa uchovu, kama mtu anayeeleza njia kwa mgeni. Siku ya soko Ekerenyo, watu wakishauza ndizi na pareto, wanapanda mlima kwenda kutibiwa. Mwenye kikohozi anataka sindano. Mwenye mgongo anataka sindano. Mwenye mafua tu, pua inachuruzika, naye amekwisha kukunja mkono wa shati. “Ukimpa mtu kidonge anakuuliza kama hapa ni hospitali ama ni duka la peremende. Akidungwa mara moja anashukuru, anaenda, humuoni mpaka soko lingine. Sasa vichupa vinatoshea wapi? Kwa hivyo nachanganya asubuhi, maji mara mbili, ya foleni na ya wodi pamoja, ili kila mtu apate.”

“Nani alikuambia kila mtu apate?”

Alfayo aligeuza uso akatazama ukuta.

“Mkono uliotia maji ni huu. Persis alikuwa mtoto wa dada yangu, Sajini. Nilimdunga mimi, kwa mkono huu. Andika hivyo, na unipeleke huko Kisii.”

Obwocha hakuandika. Alisimama, magoti yakalia, akatoka.

*

Duka la dawa la Eliakim lilikuwa Nyamira, ng'ambo ya ofisi za serikali. Eliakim alikuwa mtu wa ziwani, mnene, mcheshi, mwenye koti jeupe ambalo halikuwahi kuona hospitali. Inspekta Abner alikuwa na hakika kwamba penisilini ya mlimani iliishia kwake.

Obwocha alipekua rafu moja baada ya nyingine. Vichupa vya penisilini vilikuwepo, kila kimoja na kifuniko chake cha bati kimebanwa kutoka kiwandani. Akakichukua kimoja, akakizungusha kwenye mwanga wa mlango, akatafuta tundu la sindano kwenye mpira. Hakuna. Akachukua kingine. Hakuna.

“Tafuta, Sajini, tafuta,” Eliakim alisema. “Ukipata dawa ya serikali humu, nioe wewe.”

“Poda ikishatiwa maji, mtu anaweza kuirudisha kuwa poda?”

“Hiyo hata mganga wa kwetu hawezi. Ikishalowa inadungwa siku ile ile ama inamwagwa.”

Kwa hiyo Alfayo hakuuza kitu. Maji aliyotia yalikuwa ya kuongeza, si ya kuiba. Obwocha alirudisha kichupa rafuni. Wakati huo mama mmoja aliingia, akaomba “ile ya rangi mbili”. Eliakim akamimina tembe kutoka kwenye mkebe, akampa mbili kwenye kipande cha gazeti, mama akaenda.

“Ni ya nini hiyo?”

“Tetrasaikilini. Ya kila kitu.”

“Na wanapona kwa mbili?”

“Wanarudi.” Eliakim alicheka. “Mteja akipona kabisa harudi. Usiniangalie hivyo, sikuanza mimi. Madaktari ndio wamewafundisha watu kwamba hakuna ugonjwa bila hii dawa. Mimi nauza tu kile wanachokuja wakikitaja. Hata wao wananunua. Yule wa mlimani, Dokta Nyamweya, si alisimamisha gari hapo, akachukua penisilini kwangu kama mtu yeyote?”

Obwocha alikuwa amefika mlangoni. Akarudi.

“Lini?”

“Kabla ya huyo mke wa diwani kulazwa huko. Nilimtania nikamwambia, Daktari, huko mlimani mmemaliza dawa? Akasema anataka ya uhakika, ambayo haijafunguliwa.”

“Alisema ni ya nani?”

“Sikuuliza. Wewe unamuuliza daktari dawa ni ya nani?”

Obwocha alivaa kofia. Daktari mwenye hospitali nzima ananunua dawa dukani. Hawezi kufanya hivyo isipokuwa anajua ile ya hospitali ina maji. Na kama alijua, basi yale maji hayakuwa siri ya Alfayo. Hapo Obwocha alidhani kesi imekwisha. Alikuwa amekosea, lakini alilijua hilo baadaye, alipofika wodini.

*

Mvua ya mchana ilimpata njiani, ile ya Kisii yenye mawe, na alipofika hospitali ya mlimani viatu vilikuwa vinatoa sauti. Wodi ya wazazi ilinuka sabuni na maziwa. Sista Rispa Anyiko, muuguzi mkuu wa wodi, mwanamke mrefu aliyepiga pasi hata mikunjo ya uso, alimtazama kutoka miguuni.

“Hapa hatuingii na matope.”

“Nisamehe, Sista. Natoka kituoni.”

“Matope ya polisi ni matope pia.”

Alivua viatu, akaingia na soksi. Kwenye kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, alilala msichana ambaye midomo yake ilikuwa imepasuka kwa homa. Anaitwa Abigael, Sista Rispa alisema. Mumewe ni mchuma chai Gesima. Alipasuliwa baada ya Persis, na Daktari yule yule. Mtoto ananyonyeshwa na mwanamke wa kitanda cha pili, maana mama mwenyewe hana nguvu za kumshika.

“Naye ana nini?”

“Ana kile alichokuwa nacho mwenzake.”

Obwocha aliweka kiganja juu ya paji la uso la Abigael, kama alivyokuwa akimfanyia mkewe siku za mwisho. Akakiondoa.

“Anadungwa maji ya Alfayo?”

“Alfayo si mko naye nyinyi?” Sista Rispa alikunja mikono. “Mlipomchukua, hapa lililetwa sanduku jipya. Limefungwa, na utepe wake. Nimefungua mimi. Nachanganya mimi, kipimo kamili, nadunga mimi. Sijamwachia mtu.”

“Tangu siku ile?”

“Tangu siku ile, asubuhi na jioni.”

“Na homa?”

“Umeigusa.”

Obwocha aliomba aonyeshwe. Sista akampeleka kwenye kabati, akafungua kwa ufunguo uliokuwa shingoni mwake, akamtolea kichupa. Kifuniko cha bati, mpira mzima, poda kavu inayocheza ukikitikisa. Haikuwa na maji. Mbele yake Sista akaling'oa bati, akavuta maji safi kiasi kile kilichoandikwa, akachanganya, akaenda akamdunga Abigael, naye Abigael hakujikunja hata kidogo.

Obwocha alikaa juu ya benchi na soksi zake zilizolowa. Kama maji ndiyo yaliyomuua Persis, basi huyu alipaswa kuwa anapona. Dawa kamili, mkono safi, hakuna wizi. Lakini anachomeka kama mwenzake.

“Sista, huu ugonjwa wa vidonda umeanza lini humu?”

“Kabla ya Persis kulikuwa na wawili. Mmoja alipona mwenyewe. Mmoja walimchukua kwao.” Hakusema kama walimchukua akiwa hai au la.

“Wote walipasuliwa na Dokta Nyamweya?”

“Nani mwingine yupo?”

“Naye Daktari ni mzima?”

Sista Rispa alifuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

“Niulize ya wagonjwa wangu.”

“Nakuuliza ya Daktari. Alinunua penisilini kwa Eliakim. Ni nani aliyedungwa?”

Kule mwisho mtoto wa Abigael akaanza kulia, na yule mwanamke akamtuliza kwa maneno ya Kikisii.

“Nilimdunga mimi,” Sista alisema. “Ana jipu shingoni, hapa nyuma, chini ya nywele. Alikuja na dawa yake mwenyewe, akasema hii ya hospitali haiamini. Nikamdunga mpaka vichupa vikaisha.”

“Likapona?”

“Amenunua mashati ya kola ndefu,” Sista Rispa alisema. “Hilo ndilo jibu langu. Sasa vaa viatu vyako uende, kabla mtu hajaniona nikiongea na wewe.”

*

Dokta Nehemiah Nyamweya alikuwa ofisini, anakunywa chai. Kola ya shati ilimfika masikioni. Obwocha alibisha mlango uliokuwa wazi, akasimama makusudi upande wa kabati, nyuma ya Daktari.

“Hodi, Daktari.”

Daktari hakugeuza shingo. Aligeuka mwili mzima, kiti na yeye pamoja.

“Sajini. Nilidhani kazi imekwisha. Inspekta aliniambia mtu amekiri.”

“Amekiri maji. Mimi natafuta kilichoua.”

“Si ni kitu kimoja?”

“Nilidhani hivyo mpaka leo mchana.” Obwocha aliketi bila kuambiwa. “Daktari, mimi darasa la nne tu ndio niliona. Nitakuuliza mambo ya kijinga, unisamehe. Penisilini inatibu mafua?”

“Haitibu.”

“Mgongo?”

“Haitibu mgongo.”

“Na watu wa soko wanadungwa ya nini?”

Dokta Nyamweya aliweka kikombe chini. Alikuwa mtu mzuri wa sura, na alikuwa amechoka, hilo lilionekana.

“Wewe umewahi kumwambia mama aliyetoka Gesima kwa miguu, na mtoto mgongoni, kwamba arudi bila sindano? Mimi nilijaribu, mwaka wa kwanza nikiwa hapa. Nilimpa mtu aspirini, nikamwambia apumzike. Wakasema huyu daktari alitoroka shule. Chifu akaja. Diwani Ishmael akaja, huyu huyu anayelia leo, akasimama pale ulipokuwa umesimama, akasema watu wake wamepigania Uhuru ili wapate dawa, na mimi nawanyima. Kwa hiyo nikawapa.”

“Ikawa haitoshi.”

“Haikutosha. Na serikali haiongezi.”

“Ukamwambia Alfayo aongeze maji.”

Daktari alisogeza kikombe kando. Obwocha akaliacha neno hilo likae hapo mezani kati yao, akaendelea.

“Sindano moja yenye nusu ya nguvu, mara moja kwa soko. Inafanya nini mwilini?”

“Unataka somo?”

“Nataka kujua unajua nini.”

“Najua yote,” Dokta Nyamweya alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na kitu ndani. “Inaua vijidudu dhaifu. Vile vyenye nguvu vinabaki, vinazaa, na watoto wao hawaogopi tena dawa hiyo. Vinakuwa sugu. Huhitaji kuwa profesa. Tulifundishwa hivyo Makerere, tukaandika kwenye mtihani, tukapita. Kila daktari nchi hii aliyeshika sindano analijua jambo hilo, Sajini. Mwite yeyote. Halafu muulize kama jana alimpa mtu mwenye mafua penisilini. Atakwambia ndiyo, na atakwambia kosa ni la watu, watu watasema kosa ni la duka, duka litasema ni la daktari. Ndivyo tunavyoishi.”

“Na wewe unasema kosa ni la nani?”

“Mimi nina foleni nje.”

“Foleni ya leo ni fupi, mvua imewarudisha.” Obwocha aliinama mbele. “Ulinunua dawa kwa Eliakim. Mwanzo nilifikiri ni kwa sababu ulijua ya hapa ina maji. Na ni kweli ulijua. Lakini jipu halikupona. Ukadungwa dawa kamili, ya dukani, isiyofunguliwa, na jipu likakaa hapo. Siku ile ukajua si maji. Ukajua kilichoko shingoni mwako hakisikii penisilini hata uimwage ndoo. Na kwa shingo hiyo, na mikono inayoigusa, ukaingia chumba cha upasuaji, ukampasua Persis.”

“Ninavaa glavu.”

“Unavaa glavu. Unalifunga jipu kwa plasta, halafu unavaa glavu. Nimeona mkono wako tangu nimeingia, Daktari. Umekwenda huko nyuma kila ninapouliza swali gumu.”

Mkono wa Daktari ulikuwa kwenye kola. Akaushusha, akauweka mezani, akautazama.

“Persis alipoanza homa,” Obwocha aliendelea, “ulijua. Ukaendelea kumwandikia dawa ile ile. Alipokufa na mumewe akalia maji, ukanyamaza, maana maji ni ya Alfayo. Na sasa Abigael anadungwa dawa safi kutoka sanduku jipya, na Sista anadhani mambo yametengenea, na wewe peke yako ndiye unayejua kwamba ni kazi bure. Ipo dawa nyingine?”

“Ipo.”

“Wapi?”

“Kisumu, kwenye bohari. Ni ndugu yake penisilini, imetengenezwa kwa vijidudu sugu.”

“Kwa nini haiko hapa?”

Daktari alicheka kidogo, bila furaha.

“Ukiiomba wanakuuliza ni ya nini. Ukiwaambia, wanakuja. Wanafunga chumba cha upasuaji, wanaosha kuta, wanapima pua za wafanyakazi, wanakuvua shati. Na mimi nimeitwa Kisumu, Sajini. Mwezi ujao nakuwa mkubwa wa madaktari wa upande wote huu. Nikifika huko nitaagiza ile dawa kwa kila hospitali. Nilikuwa na mpango.”

“Abigael naye anangojea mwezi ujao?”

Nje matone yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye mabati.

“Kesho hakimu atamsikiliza Alfayo,” Obwocha alisema. “Mimi ni shahidi. Nitamuomba hakimu akuite na wewe, na nitamuomba akuambie ushushe kola. Hiyo tu. Sitasema kitu kingine, maana sina elimu ya kusema. Ama hivyo, ama upige simu sasa nikiwa hapa, halafu uandike kwamba yale maji yalikuwa amri yako.”

“Ukinitaka nifanye yote mawili umenimaliza.”

“Abigael anaweza kungoja ukifikiria. Ila nilimgusa, sidhani atangoja sana.”

Daktari akavuta simu, akazungusha kishikio chake, akamwambia opereta ampe Kisumu. Laini ilikatika mara mbili. Mara ya tatu ilishika, na kwa vile ile simu ilikuwa ya kupigiana kelele, Obwocha alisikia kila neno la karani wa bohari.

“Zipo, Daktari,” karani alisema. “Masanduku yapo mengi. Yako hapa tangu mwaka jana, yamejaa vumbi. Hakuna hospitali iliyoyaomba. Tulikuwa tunasema huenda kwenu huko watu ni wazima.”

Dokta Nyamweya aliomba sanduku litoke na gari la jioni ile ile. Alipoweka simu chini alifungua droo, akachukua karatasi, akaandika mistari michache kwa mwandiko mbaya wa madaktari. Obwocha alimwambia aandike upya, herufi moja moja, ili polisi waweze kusoma.

*

Inspekta Abner alisoma karatasi hiyo akiwa amesimama. Alipomaliza aliigeuza, akatazama nyuma kama kuna kingine.

“Diwani yuko njiani anakuja,” alisema. “Nimwambie nini? Mkewe alikufa kwa maji ama hakufa kwa maji?”

“Hakufa kwa maji.”

“Alikufa kwa nini?”

“Kwa jipu la daktari, na kwa dawa ambayo daktari alijua haifanyi kazi.”

Inspekta Abner alishusha kitabu cha sheria kutoka rafuni, kile kinene, akakiweka mezani, akaketi. Alikuwa kijana makini, hilo Obwocha hakuweza kumnyima. Alifungua, akafuata kwa kidole.

“Jipu si kosa. Kuandika penisilini si kosa, ni dawa halali. Maji, kama aliamuru mkubwa wa hospitali kwa sababu dawa ni haba, nayo si wizi. Nimshtaki kwa kifungu gani, Sajini?”

“Alijua, Inspekta.”

“Nimekuuliza kifungu.”

“Ndicho hicho. Alijua akanyamaza.”

Abner alifungua kurasa nyingine, akarudi nyuma, akaenda mbele. Obwocha alimngoja. Alikuwa amewangojea watu kama hawa maisha yake yote, wenye vitabu, wapekue mpaka wapate mahali palipoandikwa kwamba hawahusiki. Mwishowe Inspekta alifunga kitabu polepole.

“Kujua hakumo,” alisema. “Mfungulie huyo dresa.”

Alfayo alikuwa pale pale ukutani. Obwocha alifungua mlango, akaingia, akachuchumaa mbele yake ili asimwambie kutoka juu.

“Omogaka, enda nyumbani. Mtoto wa dada yako hakufa kwa maji yako. Ugonjwa alioupata ulikuwa hausikii ile dawa kabisa. Hata ungemdunga kamili angekufa.”

Alfayo aliinua uso.

“Hata ningemdunga kamili?”

“Hata kamili.”

“Na usugu huo ulitoka wapi?”

Obwocha alijua jibu. Alilisikia mchana ule kutoka kwa mtu aliyelisomea. Nusu sindano, soko baada ya soko, mkono baada ya mkono. Alifungua mdomo, akaufunga.

“Madaktari wanasema hawajui,” alijibu.

Alfayo alimtazama usoni, akaendelea kumtazama, na Obwocha akaona kwamba mzee yule, aliyewadunga watu wa mlima ule tangu wakiwa watoto, hakuhitaji kuambiwa. Alisimama kwa kushika ukuta, akajipangusa suruali, akapita mbele yake kwenda nje bila kuaga. Barabarani gari la diwani lilikuwa linaingia, taa zimewashwa mchana kwa sababu ya mawingu. Alfayo hakusogea kando. Alisimama katikati ya njia, akalingoja limfikie, diwani ashuke asikie kutoka kwake.